Pigo la Pili

Pini hakuwa mtu wa wivu. Hivyo ndivyo alivyojisemea miaka yote ya ndoa yake, na waliomfahamu wangekula kiapo kwamba ni kweli. Alikuwa fundi wa kushona sare na mapazia, na jina hilo la Pini lilimganda kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila pini mbili tatu kwenye kola ya gauni. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, watu wakimwita Barafu. Nusu kwa ajili ya kazi yake, nusu kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Wanawake walimpigia simu mchana kutwa, mara friji limezima, mara friji linavuja, na Pini hakuwahi kunyanyua jicho kutoka kwenye cherehani. Wivu ulimwingilia kwa mlango ambao hakuwa ameutilia komeo, nao ni mchezo wa mezani.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Pini aliondoa vitambaa kwenye meza yake kubwa ya kukatia, na watu wakaizunguka. Barafu ndiye aliyekuwa msimulizi. Alikuwa amebuni nchi nzima kichwani mwake, akaijaza miji, mapango na majoka, na yeye ndiye aliyesema nini kimetokea. Waliobaki kila mmoja alikuwa na mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, uhai wake, silaha zake, fani yake. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha kete yenye pande ishirini, na kete inaamua kama umefaulu au umeumbuka. Mkishinda vya kutosha mnapanda ngazi, na kila ngazi inakuongezea uwezo katika fani yako.

Mhusika wa Pini aliitwa Nondo, mpiganaji, mwanamke mwenye mabega mapana kama mlango na shoka lisilojua mzaha. Mdogo wake Barafu, mwalimu wa udereva ambaye wiki nzima alishinda akikanyaga breki ya akiba kuokoa roho yake, alicheza mwizi mwembamba aliyefungua kufuli kwa unyasi. Miaka mingi walikuwa hao watatu tu, mume, mke na shemeji, wakichekeshana kwa utani uleule na kutoroka majoka yaleyale.

Kisha akaja Nesi.

Barafu alimpata kazini. Friji la chanjo la zahanati lilikuwa limegoma, akaenda kulitengeneza, na muuguzi aliyemshikia tochi akamuuliza swali, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka wakafika kwenye mchezo wa Jumapili. Barafu alirudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Nimempata wa nne," alisema. "Anataka kuwa mponyaji. Tumekuwa tukifa kama nzi kwa kukosa mponyaji."

"Mlete," Pini akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Nesi alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo yake Pini, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa fupi, na tangu siku ya kwanza alicheza kama mtu aliyehamia nchi ile na virago vyake. Mponyaji wake aliitwa Umande. Umande alikuwa na mama aliyepotea, alikuwa na wimbo anaoukumbuka nusu, alikuwa na hofu ya maji. Nesi aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Watu wa mji huu wanazikana wapi? Kwa nini mnara ule hauna madirisha? Na Barafu, ambaye kwa kawaida alijibu kwa neno moja, alianza kujibu kwa sura nzima.

Wiki ya tatu akamwomba mkewe ashone kimfuko cha kumtunzia Nesi kete zake. "Kidogo tu," alisema. "Kama cha kumkaribisha."

Pini alikishona kwa mabaki ya pazia la kijani, akakivutia kamba, akakipiga pasi. Alipokuwa akikata uzi kwa meno ndipo ilipomjia kwamba kete zake mwenyewe, miaka yote hiyo, zililala kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Hata yeye hakuwa amefikiria. Lakini kuanzia siku hiyo alifikiria.

Akaanza kuona vitu. Aliona Barafu akiwa chini ya friji la mtu, bisibisi mdomoni, akitabasamu peke yake, na akajua anawaza juu ya mnara usio na madirisha. Aliona Jumapili mumewe akivaa shati lililopigwa pasi. Ni kweli kwamba shati hilo alilipiga pasi yeye mwenyewe, lakini hilo halikumpunguzia kitu. Na kila Nesi alipomwita "dada," Pini alisikia kama ameitwa shangazi.

Wote wakiwa ngazi ya tano, walilishinda joka la kinamasi na wakapanda ya sita. Hiyo ndiyo ngazi ambayo kila mpiganaji huiota. Kwa sheria za mchezo wao, mpiganaji anayefika ngazi ya sita anapata pigo la pili. Zamu yake ikifika, anapiga mara mbili badala ya moja. Shemeji alikwisha kuanza kusugua viganja.

"Haya, shemeji," alisema. "Andika pigo la pili, tukawatandike watu."

Pini alikuwa ameinamia karatasi yake. "Siendelei na upiganaji," alisema. "Ngazi hii naiweka kwenye uponyaji."

Shemeji alitoa macho. Sheria iliruhusu, mtu anaweza kugawa ngazi zake katika fani mbili, tano huku na moja kule. Lakini ukigawa, unachelewa kote kuwili. "Shemeji, umebakiza hatua moja tu," alisema kwa upole aliozoea kuwapa wanafunzi wanaokata kona mapema. "Hatua moja upate pigo la pili. Sasa unakwenda kuanza kule chini kabisa, kuponya michubuko?"

"Nesi ana zamu zake kazini," Pini akajibu. "Siku asipokuja nani atatuponya? Nafikiria kikundi."

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa mdomoni. Iliyokuwa moyoni ilikuwa fupi zaidi: akishaweza kuponya, Umande atakuwa wa kazi gani?

Barafu alimtazama mkewe juu ya ramani. "Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri."

Na Nesi, badala ya kuchukia, akafurahi. Alivuta kiti chake karibu na cha Pini na kuanza kumwonyesha. Uponyaji huu wa kufunga jeraha utumie mapema, huu wa kuondoa sumu uuweke akiba, na usimponye mtu mwenye mkwaruzo wakati mwenzake anakata roho. "Tutakuwa wawili, dada," alisema. "Sitaogopa tena." Pini aliitikia kwa kichwa na kusema asante bila kumtazama.

Wakapanda ngazi ya saba, Pini akaiweka kwenye uponyaji. Wakapanda ya nane, akaiweka kulekule. Nondo akawa mpiganaji wa ngazi tano na mponyaji wa ngazi tatu, mtu wa huku na huku. Maadui ambao zamani aliwapasua kama kuni sasa walimcheka. Nesi kwa upande wake alikuwa mponyaji wa ngazi nane kamili. Aliinua wafu wakati Pini bado anafunga vidole. Kila Jumapili Pini aliliona pengo hilo likipanuka, na kila Jumapili alijikaza.

Siku aliyoingoja ikafika. Nesi alipangiwa zamu ya Jumapili, akatuma ujumbe kuomba radhi. Pini alitandika ramani mezani kwa furaha ambayo alijitahidi isionekane, na alasiri hiyo waliingia kwenye migodi watatu tu, kama zamani. Mambo yalikuwa magumu. Mwizi wa shemeji alichomwa mkuki, Nondo akamburuta nyuma ya mkokoteni na kumfunga jeraha kwa uponyaji wake mdogo, kisha akarudi na shoka kushika mlango. Walitoka wakiwa hai, kwa tabu. Shemeji alimpigia makofi. "Nimefuta kauli," alisema. "Umeniokoa."

Pini aligeuka kumtazama mumewe.

Barafu alikuwa anakunja ramani. "Mlango unaofuata unaingia mnarani," alisema. "Tuishie hapa. Mnara tuungoje mpaka Nesi awepo."

Shemeji alipoondoka, Pini alikusanya vikombe vya chai na kuviosha kwa kelele. Barafu alikuja kusimama karibu naye na taulo la kufutia.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Nikuulize mimi. Unampenda?"

Barafu alicheka kidogo, kisha akaona mkewe hacheki, akaacha. Alifuta kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji.

"Napenda anavyouliza," alisema. "Nikisema kuna mlango, anataka kujua nani aliutengeneza. Hilo tu. Sina lingine nililolificha, na ukitaka niape nitaapa."

"Na mimi?"

"Wewe ukisikia kuna mlango unauvunja."

"Ndiyo, kwa sababu Nondo ni mpiganaji. Lakini Umande ana mama, ana wimbo, ana mnara mzima aliojengewa. Nondo ana nini? Miaka yote hii, Barafu, hujampa hata kaka."

"Siku ya kwanza ulisema Nondo katokea tu, na hapendi kuulizwaulizwa."

"Nilisema siku ya kwanza. Ulitakiwa uulize tena."

Barafu aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa haki, na haki ile ilimpiga mahali pake. Lakini naye alikuwa na lake, akalisema bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilifanya liume zaidi. "Sikuuliza, kweli. Lakini wewe ukiwa mezani nusu yako iko kwenye oda za watu. Nasimulia huku nakuona unahesabu vifungo. Mtu akichoka kusikilizwa nusu, anamfurahia anayemsikiliza mzima. Hata awe nani."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Walilala wakiwa wamegeuziana migongo, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho.

Jumapili iliyofuata Nesi alikuwepo, amechoka, macho mekundu ya zamu, lakini alikaa wima tangu neno la kwanza. Waliingia mnarani. Juu kabisa, nyuma ya mlango wa chuma, palikuwa na mama yake Umande. Na mbele ya mlango palisimama jitu la shaba lililowekwa kuulinda. Ulikuwa mpambano mrefu. Mwizi alirushwa ngazini akavunjika mguu. Umande alimwinua Nondo mara mbili, uponyaji wake ukamwishia, kisha ngumi ya jitu ikamfikia mwenyewe. Nesi alifuta uhai wa Umande kwenye karatasi mpaka ukawa sifuri.

Sheria ilikuwa wazi. Aliyeanguka hana budi kuponywa kabla zamu yake haijarudi, la sivyo amekufa, na ngazi zake zote, na wimbo wake, vimekwenda naye.

"Nondo," Barafu akasema. "Zamu yako. Jitu linapepesuka, lakini bado limesimama."

Pini alimjua mumewe. Katika mdomo wa Barafu, "linapepesuka" ilikuwa na maana ya mapigo mawili mazuri. Angekuwa na pigo la pili angelimaliza jitu papo hapo na mambo yote yangekwisha. Alikuwa na moja. Na alikuwa na uponyaji mmoja uliobaki, mdogo, lakini wa kutosha kumrudisha Umande.

Basi lilikuwa jambo rahisi. Mtoto angejua la kufanya. Pini alijua pia, na alipofungua mdomo alikuwa karibu kulisema. Lakini alimwona Barafu. Barafu alikuwa anamtazama Nesi, si kwa mapenzi, hapana, bali kwa hofu. Hofu ya mtu ambaye kitu chake kizuri kuliko vyote kiko ukingoni mwa meza. Pini hakukumbuka lini mumewe aliogopa hivyo kwa ajili ya Nondo.

"Nalipiga jitu," alisema.

"Shemeji," shemeji akasema, "mponye kwanza."

"Nalipiga."

Alirusha kete. Kumi na tisa. Pigo zuri, shoka lilizama kifuani. Barafu alitazama namba zake kwa muda, akizitafutia mwanya, akakosa. "Jitu limepiga goti," alisema polepole. "Halijafa."

Zamu ikazunguka. Barafu alianza kusema kwamba labda mama, kule nyuma ya mlango, labda amesikia, na Nesi akamkatiza. "Usinihurumie," alisema. "Sheria ni sheria. Umande amekufa." Aliikunja karatasi yake katikati, akaingiza kete kwenye kimfuko, moja moja, akakaza kamba. Kwa Pini alisema tu, "Kwaheri, dada," na sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Jumapili iliyofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba amechoka. Barafu alikaa na ramani iliyofungwa mbele yake, shemeji akapiga soga za mwanafunzi aliyeingiza gari kwenye duka la vyombo, na baada ya chai kila mtu akaenda zake. Pini alikuwa amepata alichokitaka. Meza ilikuwa ya watatu tena. Alitandaza vitambaa vyake, akachukua mkasi, na hakuweza kukata hata mstari mmoja ulionyooka.

Jumatano, saa za mapumziko ya mchana, alikwenda zahanati. Alimkuta Nesi kwenye benchi la nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka, anakula mkate na yai la kuchemsha. Nesi alisogea kumpa nafasi.

"Ulijua pigo moja halitoshi," Nesi akasema kabla hata hawajajuliana hali vizuri.

"Nilijua."

"Nilifikiri hivyo. Siku nzima ile nilijiambia labda amekosea hesabu. Lakini wewe hukosei hesabu." Alimenya yai taratibu. "Ni kwa ajili ya mumeo?"

Pini alitazama mashuka. Alikuwa amekuja na maneno mengine, yaliyonyooka zaidi, lakini yalimtoroka. "Nilikuonea wivu," alisema. "Si kwamba nilidhani mna lenu. Ningedhani hivyo ingekuwa nafuu, ningewatukana yakaisha. Niliona anakujengea mnara. Mimi nimekaa naye meza moja miaka yote hii, nina kopo la mafuta."

Nesi hakuelewa habari ya kopo, na hakuuliza, safari hii.

"Nimekasirika," alisema. "Nataka ujue hilo, usije ukafikiri mimi ni malaika. Umande nilimpenda. Nilikuwa natoka hapa nimeshindwa, mtu kanifia mikononi, naenda kwenu naponya watu mpaka giza linaingia, narudi nimepumua. Halafu wewe ukaniacha sakafuni."

"Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Sio leo." Alimpa nusu ya mkate, na Pini akaupokea, kwa sababu kuukataa kungekuwa jambo baya zaidi. Walikula mpaka kengele ilipomwita Nesi ndani. Mlangoni aligeuka. "Mwambie Barafu nitakuja Jumapili. Na mtu mwingine."

Jumapili alikuja na karatasi mpya. Barafu aliisoma, akainua macho, akamtazama mkewe, akairudisha. Shemeji alichungulia begani mwake na kupiga mluzi.

"Mpiganaji," Nesi alisema. "Ngazi nane, zote huko huko, sigawi. Nimechoka kuponya watu. Nataka kupiga."

Barafu aliruhusu, kwa kuwa wengine nao walikuwa ngazi ya nane. Walirudi mnarani, walikotoroka siku ile, kulimaliza jitu la shaba, na Nesi alirusha kete mara mbili kwa zamu moja, mara mbili, huku Pini amekaa na uponyaji wake wa kufunga vidole. Pigo la pili lilipoliangusha jitu, Nesi alicheka kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Na Pini akausikia tena wivu, uleule. Tofauti ni kwamba safari hii haukuwa na mume ndani yake hata kidogo. Pigo lile lilikuwa lake. Alikuwa amebakiza ngazi moja tu.

"Nakuonea gere," alisema mbele ya wote.

"Najua," Nesi akajibu, akikusanya kete. "Raha sana."

Kwa kulishinda jitu wakapanda ngazi ya tisa. Barafu alimgeukia mkewe. Tangu usiku ule wa migongo alikuwa amemuuliza maswali mengi kuhusu Nondo. Wakati wa chai, wakati wa kufunga cherehani, mengine ya kijinga, mengine ya maana. Pini alikuwa amegundua kwamba majibu anayo, na kwamba kuyasema kunachosha kama kazi yoyote. Hawakuwa wamemaliza kusemezana yale mengine.

"Ngazi hii unaiweka wapi?" Barafu aliuliza.

Shemeji aliingilia kabla hajajibu. "Shemeji, fikiria kikundi. Mponyaji tuliyebaki naye ni wewe. Ukirudi kwenye upiganaji nani atanifunga mguu?"

Pini aliichukua kalamu. Kwenye safu ya mpiganaji, mahali palipokaa tano tangu msimu wa joka la kinamasi, aliikata tano akaandika sita.

"Utajifunza kukwepa," alisema.